Mkono Unapotangulia Sikio

Barabara ya Nasser hapa Kampala, pamoja na jirani yake Nkrumah, ndiyo mtaa wa wachapaji. Kadi za harusi, kalenda, vitabu vya risiti, lebo za chupa za juisi, mabango ya wagombea, vyeti vya chekechea, vyote vinatoka humu, kwenye vyumba vyembamba ambamo mashine ya ofseti ikishawashwa inabidi mzungumze kwa kupaza sauti. Wateja wanatoka Gulu na Mbarara, na wengine wanatoka Juba, Bunia, Goma na Eldoret. Ndiyo maana mtu kama mimi, mzaliwa wa Busia niliyekulia katika Kiswahili, sikosi kazi hapa. Mkongomani akiingia, natafutwa mimi. Kazi yangu ni usanifu: namsikiliza mteja, kisha nachora kwenye kompyuta kile kitakachochapwa.

Watu huiita kazi ya ubunifu. Nami nikiwa humo humo nimeona ubunifu wa watu wazima unavyokauka, tena kwa watu wenye kipaji. Umri hauhusiki sana. Nimefanya kazi na kijana wa miaka 20 na kidogo ambaye tayari alikuwa amekauka, na nimefanya kazi na mzee wa mashine ambaye hadi anastaafu alikuwa akitushangaza. Kinachoukausha ni kufaulu. Kadi ya kwanza yenye maua ya dhahabu pembeni ilimpendeza mteja, ya pili nayo ikapendeza, basi ile faili ikawekwa mahali pa karibu, na siku hizi msanifu anaifungua mteja akiwa bado hajamaliza kusema anachotaka. Mkono umetangulia sikio. Kadi inatoka, mteja analipa, mwenye duka anaridhika, na hakuna jambo lolote linalokushtua ujue kwamba kuna kitu umeacha kukifanya.

Mwaka 1942 mtafiti wa Marekani, Abraham Luchins, alichapisha majaribio yanayoeleza hali hii vizuri kuliko maelezo yoyote niliyowahi kukutana nayo. Aliwapa watu hesabu za kupima maji. Tuseme una madumu matatu: la kwanza linachukua vipimo 21, la pili 127, la tatu 3, na unatakiwa upate 100 kamili. Ukihangaika kidogo unaipata. Jaza dumu kubwa, kutoka humo ujaze lile la 21 mara moja, kisha ujaze dogo mara mbili. 127 toa 21, toa 3, toa 3, inabaki 100. Hesabu iliyofuata ilikuwa na tarakimu nyingine lakini njia ni ile ile, na iliyofuata vile vile, na nyingine tena. Halafu akaleta hii: madumu ya 23, 49 na 3, upate 20. Waliokwisha zoea wakaenda na njia yao, 49 toa 23, toa 3, toa 3. Jibu ni 20, sahihi kabisa. Ila dumu la 23 lilikuwa limekaa pale pale, na ukilitoa 3 tu umemaliza. Wengi hawakuliona. Kisha akaleta madumu ya 28, 76 na 3, upate 25. Hapa njia ndefu haifikishi popote, na bado wapo waliokwama, ingawa jibu ni hatua moja.

Niliwapa wenzangu dukani hesabu hizo nyuma ya karatasi zilizoharibika, tukisubiri umeme urudi. Ile ya 20 wote waliipata kwa njia ndefu, na kwa kasi, wakijivunia kasi yao. Mama anayetuletea chai na kikomando, yaani chapati na maharage, aliweka sinia mezani, akaitazama hesabu ile moja tu iliyokuwa juu, akasema, "Si mtoe tatu kwenye ishirini na tatu, wanangu?" Hakuwa amezifanya zile za mwanzo. Luchins naye alikuwa na kundi kama hilo, watu waliopewa hesabu za mwisho bila kuzoeshwa, na hao karibu wote waliiona njia fupi. Kundi jingine aliliambia liandike kwenye karatasi yao onyo la kutokuwa vipofu kabla ya kuendelea, na baadhi yao wakaamka. Hilo la onyo linanipa moyo sana. Maana yake upofu huu hauko kwenye mifupa, uko kwenye mazoea, na mazoea yanaweza kukatizwa.

Watu husema basi tuwe kama watoto. Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, ila haufiki mbali. Mjerumani Karl Duncker alibuni jaribio linalojulikana sana, ambalo maandishi yake kwa Kiingereza yalitoka mwaka 1945: unapewa mshumaa, kiberiti na kisanduku cha pini, usimamishe mshumaa ukutani. Jibu ni kukimwaga kisanduku, kukibandika ukutani kwa pini, na kuuweka mshumaa juu yake. Kisanduku kikiletwa kimejaa pini, watu wazima hukiona kuwa chombo cha kuwekea pini tu, wanakwama. Kikiletwa kitupu, wanakitumia. Mwaka 2000 Tim German na Margaret Defeyter walichapisha jaribio la namna hiyo kwa watoto, na wale wa miaka 5 hawakuzuiwa na kazi ya kawaida ya kisanduku, ilhali wa miaka 6 na 7 walikuwa wameanza kuzuiwa. Kumbe tunaanza kufungwa mapema hivyo! Lakini mtoto wa miaka 5 hawezi kunisanifia lebo ya asali itakayosomeka kwenye duka lenye mwanga hafifu, kwa rangi mbili, kwa bei ambayo mfugaji nyuki wa Yumbe anaweza kulipa. Mtoto anakiona kisanduku upya kwa sababu hajajua mengi. Mimi natakiwa nijue mengi na bado nikione upya. Ni kazi ngumu zaidi, na ni ya mtu mzima.

Njia ninayoiamini kuliko zote ni kuuliza swali ambalo jibu lake haliwezi kuwemo kwenye faili zangu. Hajjat mmoja wa Bombo alikuja kutaka kadi za nikaha ya bintiye.

"Asalaam aleikum, mwanangu. Nataka kadi nzuri, ya kiheshima."

"Wa aleikum salaam, Hajjat. Karibu ukae." Nikageuza kiti, kompyuta ikabaki nyuma yangu. "Kabla ya kadi, hebu niambie, chakula cha siku hiyo kitafunikwa na nini?"

Akanitazama kidogo. "Na tabaga. Tufunike na nini kingine?"

Tabaga ni kawa la Wanubi, limesukwa kwa duara kuanzia katikati, nyekundu, kijani, zambarau, manjano, kila mwanamke na mpangilio wake. Hajjat akafungua simu yake akanionyesha yale aliyosuka mama yake, yale yake, na moja ambalo bintiye aliliacha nusu alipoenda chuo. Tulikaa na zile picha muda mrefu. Nilitaka kuchora kadi ya duara, lakini gilotini yetu, mashine ya kukatia karatasi, inakata mstari ulionyooka tu, na kukata duara kungempandishia gharama. Basi nikaweka robo ya tabaga kwenye pembe moja ya kadi. Kwenye karatasi kubwa, kabla ya kukatwa, nikazipanga kadi nne nne zikielekeana, na karatasi ilipotoka kwenye mashine tuliona matabaga mazima yamejaa juu yake. Wageni wanne wakiziweka kadi zao pamoja mezani, tabaga linakamilika. Rangi zilikuwa zile zile nne za kawaida na bei haikuongezeka hata shilingi.

Nimeikumbuka sana kazi ile kwa sababu ya lile jambo la gilotini. Kuna watu, hasa wageni, wanaopenda kutusifu Waganda kwa ubunifu wa shida. Wanafika Wakaliga, pembezoni mwa Kampala, ambako Isaac Nabwana, aliyekuwa mfyatua matofali, alijifundisha kuunganisha kompyuta kutokana na vipuri na akawa mtengenezaji wa filamu za mapigano zinazotazamwa dunia nzima. Wanaondoka wakisema umaskini ndio uliomfanya mbunifu. Sikubaliani nao hata kidogo. Mipaka inasaidia ikiwa unaijua na imetulia: gilotini inakata mstari ulionyooka leo, kesho na keshokutwa, kwa hiyo naweza kuizunguka. Wasiwasi ni jambo jingine kabisa. Mwaka 2013 kundi la watafiti, wakiwemo Sendhil Mullainathan na Eldar Shafir, lilichapisha utafiti uliowahusu pia wakulima wa miwa nchini India. Mkulima yule yule alifanya vibaya zaidi majaribio ya kufikiri kabla ya mavuno, mfuko ukiwa mtupu, kuliko baada ya kuvuna. Msanifu ambaye mshahara wake umechelewa na mwenye nyumba anapiga simu hana nafasi kichwani ya kuliona tabaga. Mwenye duka anayetaka mawazo mapya aanze hapo, alipe kwa wakati. Nabwana namheshimu kwa kazi yake na ujuzi wake, si kwa shida zake.

Kwenye vikao vya kazi ndiko tunakopoteza mengi. Sisi tumelelewa kwa adabu: mkubwa akishasema, mdogo hapingi, na akiulizwa anasema "ni sawa kabisa, Mzee." Adabu hiyo naipenda na sitaki iondoke. Ila kwenye kikao cha kutafuta wazo inafanya kazi ya lile dumu la 127, kila mtu anaanza na alipoanzia bosi. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno, na walisema pia wapishi wengi huharibu mchuzi. Kwa mambo ya ubunifu, mwaka 1958 watafiti watatu wa Yale, Taylor, Berry na Block, walilipima jambo hili. Mtindo wa kukaa pamoja na kurusha mawazo ulikuwa umeenezwa na Alex Osborn, mtu wa matangazo ya biashara huko Marekani. Taylor na wenzake wakalinganisha watu wanne wanaobuni pamoja na watu wanne wanaobuni kila mtu peke yake, kisha mawazo yao yakajumlishwa. Waliokuwa peke yao walitoa mawazo mengi zaidi, na mazuri zaidi. Mwaka 1987 Diehl na Stroebe walionyesha kwamba sababu kubwa ni kusubiri zamu: mmoja akisema, wengine wanashika mawazo yao mkononi mpaka yanayeyuka.

Kwetu tulibadilisha utaratibu bila kumvunjia mtu heshima. Kila mmoja anaandika au anachora peke yake kwanza, kwenye kipande cha karatasi, bila jina. Kisha vipande vinabandikwa ukutani, na anayesema kwanza ni mdogo kuliko wote, yule kijana anayejifunza kazi. Mwenye duka, ambaye sote tunamwita Hajji, anasema mwisho. Mwanzoni kijana aliona aibu hadi sauti ikakatika. Hajji mwenyewe ndiye aliyemtuliza: "Sema, mwanangu, mimi nasikiliza." Tangu hapo mengi yamepita ukutani pale, mabaya kwa wingi, na mazuri ambayo zamani yangekufa kwenye koo la mtu.

Kutembea nako nakuchukua kwa uzito. Mwaka 2014 Marily Oppezzo na Daniel Schwartz wa Stanford waliwaomba watu wataje matumizi mapya ya vitu vya kawaida, wengine wakiwa wamekaa, wengine wakitembea. Waliotembea walizidi kwa wastani wa asilimia 60, hata waliotembea kwenye mashine ndani ya chumba wakitazama ukuta mtupu, na faida ikabaki kwa muda baada ya kukaa tena. Kwa maswali yenye jibu moja tu, kutembea hakukusaidia. Kwa hiyo hesabu za bei nafanya nikiwa nimekaa, na kabla ya kuanza kazi mpya napanda mguu mpaka Sanamu ya Uhuru, kule Speke Road, bodaboda zikinipigia honi kana kwamba mtu anayetembea lazima amekosa nauli. Sanamu ile ni ya mwaka 1962, kazi ya Gregory Maloba, Mkenya aliyesomea Makerere na baadaye akafundisha hapo. Mwalimu wake, Margaret Trowell, alianza madarasa ya sanaa miaka ya 1930 kwenye veranda ya nyumba yake. Mtoto ameinuliwa juu, mikono angani, na bado sehemu ya chini ya mwili unaomwinua imezongwazongwa. Maloba angeweza kuchora mnyororo uliokatika, kila nchi ilikuwa na mnyororo wake uliokatika. Naitazama kila mara nikijiuliza aliacha mangapi ya kawaida kabla hajafika pale.

Sasa niseme neno la kuwatetea wanaorudia kazi ile ile, maana mtu anaweza kudhani nawalaumu. Upande wa Masaka nilikaa kutwa nzima na fundi wa nguo za magome, zile ambazo UNESCO ilizitangaza mwaka 2005 kuwa urithi wa dunia usioshikika. Kazi hiyo miongoni mwa kabila la Baganda inaongozwa na ukoo wa Ngonge na ina karne nyingi. Fundi alikwangua ngozi ya nje ya mti wa mutuba, akakata mzunguko juu na chini, akachana kwa urefu, kisha akalibandua gome taratibu likatoka kipande kimoja. Mti ukabaki na kidonda cheupe, chenye unyevu. Hakuuacha wazi, aliufunga kwa majani ya migomba ili gome jipya liote na avune tena. Gome akalichemsha, akalipeleka kwenye kibanda kisicho na kuta, akaanza kuligonga juu ya gogo kwa nyundo za mbao zenye mifuo, kwanza ya mifuo mipana, halafu ya wastani, halafu ile ya mifuo myembamba. Gome linatanuka hadi unashangaa lilitoshaje kwenye mti ule.

Nilidhani hiyo ndiyo picha ya mazoea. Nilipomwangalia kwa karibu niliona kichwa chake kimeinamia upande mmoja: alikuwa anasikiliza. Sauti ya pigo ilipobadilika, alihamisha mkono, au alilikunja gome upya, au alibadilisha nyundo kabla ya wakati niliodhani. Palipokuwa na tundu aliliziba kwa kushona kipande cha gome hilo hilo. Amefanya kazi moja maisha yake yote na hajawahi kuligonga gome kwa kukariri. Nilirudi Kampala nikiwa nimeacha kuogopa kurudia. Kadi za harusi nitazisanifu mpaka nistaafu, na sioni ubaya.

Pesa nazo. Teresa Amabile aliwahi kuwaomba waandishi vijana waandike mashairi mafupi, utafiti wake ukatoka mwaka 1985. Kundi moja, kabla ya kuandika, lilipewa orodha ya sababu za nje za kuandika, kama pesa na sifa, lizipange kwa uzito. Jingine lilipanga sababu za ndani, kama raha ya kazi yenyewe. Mashairi ya kundi la kwanza waamuzi waliyapa alama za chini, nao hawakujua nani yumo kundi lipi. Dakika chache tu za kufikiria malipo! Tunahitaji malipo, nimeshasema, na yafike kwa wakati. Ila yakishakubaliwa nayaondoa mezani. Kitabu cha risiti kinawekwa kwenye droo kabla sijaanza kuchora.

Siku hizi kuna programu za akili mnemba zinazotoa kadi kwa sekunde. Nazitumia, kwa kazi ya mwisho mwisho. Nikianza nazo napata maua ya dhahabu yaliyochorwa vizuri zaidi, maana zimejifunza kutoka kwa yale ambayo watu wengi wameshafanya, na hakuna hata moja iliyowahi kumuuliza Hajjat kuhusu chakula.

Kilichobaki kuwa kigumu ni muda, hasa msimu wa uchaguzi, mgombea anapotaka bango lake leo leo. Graham Wallas, Mwingereza, aliandika mwaka 1926 kwamba wazo likishaandaliwa linahitaji kipindi cha kuachwa kabla halijachomoza. Mwaka 2004 Ullrich Wagner na wenzake huko Ujerumani wakaonyesha kwamba watu waliolala usingizi wa usiku katikati ya zoezi la namba waligundua kanuni iliyofichika ndani yake kwa zaidi ya mara mbili ya waliokesha. Usiku mmoja basi ndio ninaoupigania kwa kila kazi, na siku hizi namwambia mteja waziwazi.

Wiki iliyopita alikuja mfanyabiashara wa kahawa kutoka Bunia, anataka lebo ya pakiti, basi lake linaondoka kesho yake mchana.

"Papa, naomba ulale Kampala usiku mmoja," nikamwambia. "Saa nne asubuhi utakuta lebo tatu."

"Mama, hoteli ni pesa."

"Na lebo utakaa nayo miaka."

Akacheka, akaenda kutafuta chumba karibu na stendi. Asubuhi alikuta tatu. Ya kwanza, yenye punje za kahawa na jua linalochomoza, aliisogeza pembeni mwenyewe, akasema Bunia nzima wanayo. Alichukua ya pili, iliyotokana na mistari ya mkeka wa kuanikia kahawa aliyonieleza jana yake, akataka kahawia ipunguzwe ukali. Tulipunguza, tukaanza kuchapa saa sita kasorobo.